Diski ya Pili

Palma, 9 Januari 2013

Kaka Chamsudine,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila Bibi anakohoa kila mvua ikinyesha. Mnara wa simu umenyamaza tangu mwisho wa mwaka. Wanasema fundi atatoka Pemba, ile yetu ya Msumbiji, lakini barabara imekatika karibu na Awasse, basi tunaishi kama watu wa kale: ukitaka kusema na mtu, unatafuta anayesafiri.

Naandika kuhusu ile komputadori uliyoniletea nilipoanza kufundisha. Ikiwaka, neno la kwanza ni kwamba diski imejaa. Nikifungua faili moja, nyingine inaganda, na kishale kinasimama katikati ya kioo kama mtu aliyesahau alichokuwa anakwenda kuchukua. Nimefuta kila kilicho changu: mitihani, picha za chuo cha Nampula, hata tasnifu yangu. Kimebaki kitu kimoja tu, na hicho sikifuti.

Ni sauti ya Bibi. Watu wa gesi walipokuja kupima ardhi ya kijijini kwake na kupaka namba nyekundu kwenye kuta, Bibi alisema, "Wakitutawanya, kila mwali wangu atakwenda na kipande chake, wala hapatakuwa na mwenye wimbo mzima." Akahamia kwangu hapa mjini, akakaa mbele ya mikrofoni, akaimba. Nyimbo zote za unyago, kwa mpangilio wake, kama alivyoziimba miaka yote ya ukungwi wake. Nakuandikia hili kwa haya, maana wewe ni kaka yangu. Lakini fundi asiyejua anachokishika anaweza kukiharibu.

Alinipa sharti moja: zisisikiwe na sikio la mwanamume. Nikakubali haraka, bila kufikiri kwamba kila anayejua kufungua komputadori hapa Palma ni mwanamume. Gelson, karani wa secretaria, angekuja hata leo. Ila Gelson akiona faili hawezi kuiacha bila kuibonyeza, na akiisikia, mji mzima utakuwa unaimba kufikia Ijumaa.

Yupo pia Dona Amélia, mama mmoja kutoka Maputo aliyeletwa kuandika mila za vijiji vitakavyohamishwa. Ameniambia, "Menina, binti yangu, mashine hii ni ya makumbusho. Nipe sauti hizo nizihifadhi Maputo, nami nikutafutie komputadori mpya." Ni mwanamke, ana watoto wakubwa. Nikamuuliza Bibi.

"Amechezwa unyago?"

"Kwao hawachezwi, Bibi."

"Basi ni mtoto. Mpe ubwabwa, usimpe nyimbo."

Mimi mwenyewe sijui. Nimesoma kwamba kitu kilichohifadhiwa mahali pamoja tu ni sawa na kilichopotea. Tena nimeahidi. Kuna wakati nahisi nimeiba, na sijui nimemwibia nani, Bibi au wali ambao bado hawajazaliwa.

Matundu ya kuchomekea flashi yameliwa na chumvi, na mlango wa sidii unasoma lakini hauandiki. Kwa hiyo nakuomba: unaweza kunifundisha kwa barua, niifungue kwa mikono yangu, niongeze diski na kumbukumbu?

Mdogo wako,
Sumaia


Mtwara, 20 Januari 2013

Mdogo wangu Sumaia,

Marahaba. Barua yako imenikuta nimepasua kompyuta ya mnunuzi wa korosho. Nilipofika kwenye neno lile nikageuka kuangalia kama mke wangu Nafisa ananiona. Nakuomba usiliandike tena! Sitaki kujua zaidi. Masikio yangu nayaweka mbali, mikono itakuwa yako, na kichwa nitakuazima changu.

Sikiliza. Mashine yako ina vitu viwili vinavyokusumbua, na watu huvichanganya. Diski ni ghala. RAM, hiyo kumbukumbu, ni ungo. Ghala likijaa huna pa kuweka mpunga mpya. Ungo ukiwa mdogo, hata ghala liwe kubwa kama msikiti, utapepeta kidogo kidogo mpaka uchoke. Wewe ghala limejaa na ungo ni wa kitoto. Tunabadilisha vyote viwili.

Nimekupa kwa mkono wa mke wa Sebastião, anayekuja kununua pweza, diski moja iliyotumika lakini nzima, kubwa mara nne ya yako, na vibao viwili vya RAM. Zima mashine, chomoa waya ukutani, kisha uguse bati la kasha kwa kiganja kabla hujagusa kitu cha ndani. Usicheke. Mwili una umeme mdogo usioujua, na unatosha kuua RAM. Vaa kanga ya pamba, usivae yale manailoni yenu ya chuoni.

RAM inakaa kwenye mfereji mweupe, na ina pengo dogo chini. Pengo lazima likutane na jino la mfereji. Ukiona unalazimisha, umeigeuza. Diski inachomekwa kwa utepe mpana wa kijivu. Utepe mmoja unabeba diski mbili, ya zamani na mpya, ndipo unahamisha mzigo kutoka ghala hili kwenda lile. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii.

Huyo mama wa Maputo usimkubalie wala usimkatae. Mtu anayekuja na kitu kipya mkononi mwache asubiri, umwone anavyosubiri.

Msalimie Bibi. Mwambie mjukuu wake amekuwa mganga wa mabati.

Kaka yako,
Chamsudine


Palma, 3 Februari 2013

Kaka,

Shikamoo. Nimeifungua. Sikujua kwamba ndani ya kitu nilichokitazama miaka yote mna vumbi jeusi kama masizi ya chungu, na mayai ya mjusi, na kutu kila penye skrubu. Nilikaa chini nikitazama tu. Nilifikiri nitaona kitu kinachofanana na sauti.

Bibi alikuwa amelala kwenye mkeka ananiangalia.

"Umelipasua tumbo?"

"Nimelifungua, Bibi."

"Mimi nimo sehemu gani?"

Nikamwonyesha diski. Akaitazama. "Padogo," akasema. "Nilidhani mmenipa chumba."

Sasa nisikilize, maana nimechanganyikiwa. Kibao kimoja cha RAM kiliingia vizuri, kikalia *tak* pande zote mbili. Cha pili kiliingia upande mmoja, mwingine ukabaki juu. Nilipowasha, mashine ikalia mlio mrefu, ikanyamaza, ikalia tena, kama inayoomba msaada kwa lugha nisiyofundishwa. Nikakitoa cha pili, ikaacha kulia, ikawaka. Nikafurahi.

Furaha haikukaa. Niliunganisha diski zote mbili kwenye utepe kama ulivyochora, ikasema haioni diski yoyote. Hata ya zamani! Nikatoa mpya, ikaiona ya zamani. Nikatoa ya zamani, ikaiona mpya. Kila moja peke yake inaonekana, zikiwa pamoja zote zinapotea. Nimefundisha darasa zima la wasichana juu ya sababu na matokeo, nami sipati sababu ya hili.

Dona Amélia alipita, akanikuta sakafuni na bisibisi. Hakucheka. Alisema, "Sumaia, ningeomba ruhusa kwa njia sahihi, lakini hata sijui njia sahihi ni ipi." Nikatamani kumchukia nikashindwa.

Kijijini wameongeza namba. Jiko la Bibi limepata namba yake, tofauti na ya nyumba. Anauliza kama watalihamisha jiko kwingine bila yeye.

Kikohozi kimeshuka kifuani. Nampa asali.

Nijibu upesi.

Sumaia


Mtwara, 12 Februari 2013

Sumaia,

Kosa ni langu. Nimezoea mno kazi hii hata nasahau lililo wazi. Diski mbili kwenye utepe mmoja ni kama maimamu wawili kwenye mihrabu moja: kila mmoja anajiona wa mbele, hakuna anayesalisha. Tazama nyuma ya kila diski, kati ya utepe na waya wa umeme. Kuna kipini cheusi kidogo kama punje ya ulezi, kimevaa sindano mbili. Juu ya diski kuna mchoro wa mahali pa kukihamishia. Ya zamani iache kama ilivyo, ndiyo ya kwanza. Ile mpya hamisha kipini, iwe diski ya pili. Tumia kucha, usitumie meno.

Ule mlio mrefu ni RAM ambayo haijakaa. Tundu la pili huenda lina kutu. Lipanguse kwa mswaki mkavu ujaribu tena. Likikataa, kaa na kibao kimoja, kinatosha.

Sasa neno kubwa. Ukiwasha, sogeza sikio karibu na diski ya zamani. Ikivuma kama nyuki wa mbali, nzuri. Ikigonga *tik, tik, tik* kama mtu anayebisha hodi, zima papo hapo, chomoa, usiiwashe tena hata kwa kuonja. Kila hodi inakwangua kitu. Ifunge kwenye nguo kavu uniletee. Nina kifaa cha kuitoa mzigo polepole.

Sikiliza kwanza, ndipo uhamishe.

Chamsudine


Palma, 27 Februari 2013

Kaka,

Inabisha hodi. Nilizima kama ulivyosema. Sijahamisha hata wimbo mmoja.

Diski nimeifunga katika kanga ya Bibi, ile ya mistari. Anakuja nayo Mzee Amisse, jirani yetu, atakayevukia mto pale Nhica do Rovuma. Ana neno la kukupa kwa mdomo. Mpe kiti kwanza. Nafisa awepo. Unajua kwetu neno kama hilo haliandikwi.

Hakuna nakala nyingine ya kilichomo humo, na sasa haiwezi kupatikana nyingine.

Sumaia


Mtwara, 8 Machi 2013

Mdogo wangu,

Diski imefika salama. Kanga ilikuwa imelowa pembeni, ndani pakavu. Mleta mzigo nilimpa kiti, hakukaa, alikuwa na samaki wake juani. Neno lako la mdomo nimelipata na nimelishika. Ni jambo dogo, usilitie moyoni hivyo. Ukaniandikia barua kama ya mtu aliyekwenda vitani! Nilicheka, Nafisa akanikemea.

Kazi inakwenda. Diski inagonga, lakini ikipoa inasoma kidogo, nami nadokoa kidogo kidogo. Nina furaha hata ya kuimba, ila nakumbuka nimekatazwa nyimbo!

Shida ni hii. Mzigo ukitoka, lazima mtu afungue faili moja moja na kuisikiliza, ajue ipi imepona na ipi imetoka mbovu. Jina la faili halisemi kitu. Mimi siwezi, na fundi mwenzangu hapa ni mwanamume pia. Kwa hiyo nimesimama njiani. Ulizaneni huko mniambie la kufanya.

Hapa mtaani watu hawana habari nyingine ila gesi. Kila mwenye baiskeli anataka kuwa dereva wa kampuni. Nanyi huko mmetajirika? Nitumieni hata kibiriti.

Kaka yako mchangamfu,
Chamsudine


Palma, 17 Machi 2013

Chamsudine,

Jambo dogo.

Nimeyasoma maneno hayo mawili asubuhi, nikaenda kufundisha, nikarudi nikayasoma tena nikidhani yatakuwa yamebadilika. Umecheka. Umeomba kibiriti. Nimejaribu kukuelewa kwa kila njia niliyofundishwa kusomea maandishi ya watu. Nilisema labda ni uchungu, watu wengine hucheka. Nilisema labda umenikasirikia kwa sababu nilimchosha kwa mikrofoni wakati kifua chake kinauma, na kwa hilo ungekuwa na haki. Kisha nikasema labda Mtwara imekugeuza mtu mwingine. Sijui. Nikifikiri zaidi naona giza zaidi.

Nirudishie diski kama ilivyo. Usidokoe tena. Usimpe mtu aisikilize.

Afadhali ningempa Amélia. Yule ambaye si wetu, asiyejua hata Fatiha, alikuja akakaa nasi mkekani siku tatu, akaosha vyombo na wanawake, hakuniomba chochote. Wewe wa tumbo moja na mimi umeniletea mzaha.

Sumaia


Mtwara, 25 Machi 2013

Wifi yangu Sumaia,

Naandika mimi, Nafisa. Nisamehe mwandiko, mkono wangu umezoea unga kuliko kalamu.

Barua yako kaka yako aliisoma amesimama. Akaitupa juu ya meza, akasema, "Amekwisha kununuliwa. Wamempa kompyuta mpya huyo, sasa anatafuta ugomvi wa kupitia." Akatoka. Nikaiokota. Wifi, mwanamume akisoma barua anatafuta nani kamtukana. Mimi niliona mkeka. Nikajiuliza, mgeni gani anakaa mkekani na wanawake siku tatu na kuosha vyombo vya watu? Harusini hatukai hivyo. Matangani ndiko tunakokaa hivyo.

Aliporudi nikamuuliza, "Ile diski alileta nani?"

"Mtu wa mtumbwi."

"Siyo Mzee Amisse?"

"Amisse alibaki Nhica, mguu umemvimba. Kampa huyo mzigo na barua."

"Na neno la mdomo?"

"Alisema nisilowanishe diski, nisiiweke juani. Ndilo neno lenyewe. Kwa nini?"

Wifi, ndilo neno alilolipata! Alidhani ndilo hilo ulilotaka apewe kiti kwanza, ndiyo maana akacheka. Baadaye nimempata mtu aliyemwona Mzee Amisse. Anasema mzee alimwambia mwenye mtumbwi, "Peleka mzigo tu, usilowe. Lililobaki si la kumpa mpita njia, nitakwenda kulisema mwenyewe nikipona." Amefanya kama tulivyofunzwa wote, na sisi tumekaa hapa tukicheka na msiba ndani ya nyumba.

Nikamwambia kaka yako, "Kaa." Akasema hajachoka. Nikamwambia tena, "Baba Halima, kaa chini." Akanitazama, akakaa sakafuni, wala hakutafuta kiti. Sikuhitaji kusema mengi.

Hakulia. Aliuliza tu, "Bibi alizikwa na kina nani?" Kisha akauliza, "Nilimwandikia nini Sumaia?" Akaitaka barua yake mwenyewe kana kwamba ninayo mimi. Tumefanya hitima Ijumaa. Watu walijaa. Yeye alikaa karibu na mlango.

Sasa la diski. Najua umekataza, na kama nimekosea unitie adabu utakavyo. Lakini siku iliyofuata iligonga kwa nguvu mno, akasema ikizimwa haitawaka tena, ama inatolewa yote sasa ama basi. Akaitoa. Akazima kioo asione hata majina. Kisha akaniita.

Mimi nilichezwa Mikindani, wifi, na nina watoto wawili. Nikasema masikio yangu yanafaa. Akaniweka kwenye kiti, akanivisha visikizi, akatoka nje, akafunga mlango, akawa ananifundisha kwa kupiga kelele ukutani.

"Unaona mshale?"

"Naona!"

"Upeleke kwenye jina la kwanza, ubonyeze mara mbili! Upesi upesi!"

"Nimebonyeza!"

"Inafanya nini?"

"Toka hapo, imeanza!"

Nikasikia viatu vyake vinakimbia mpaka barabarani. Kila nikimaliza moja nampigia bati, anarudi, ananieleza nyingine, anakimbia tena. Majirani walitoka kuangalia. Mmoja akamuuliza, "Bwana fundi, mke kakufukuza?" Akajibu, "Tunatengeneza kompyuta."

Zimepona, Sumaia. Zote, isipokuwa ya mwisho, inayokatika katikati ya mstari na kubaki mvumo. Nyingine nazijua, kwetu zinakwenda polepole zaidi. Nyingine sijawahi kuzisikia, nikaona haya peke yangu kama mwali.

Kuna jambo hakuniomba nikuulize, na najua hataliomba. Kabla ya kila wimbo Bibi anazungumza kidogo na wewe. Kaka yako hakuwa na sauti yake hata kwenye simu. Sasa sauti ya nyanya yake iko ndani ya chumba chake, na yeye ndiye anayefunga mlango abaki nje. Jana nilimkuta amekaa karibu na mashine imezimwa. Hakuwa anafanya kazi.

Neno ni lako. Wewe ndiye uliyeahidi.

Wifi yako,
Nafisa


Palma, 2 Aprili 2013

Wifi Nafisa, na kaka yangu aliye karibu nawe,

Alizikwa na wajomba wote wawili na wanaume wa kijiji, kijijini kwake, nyuma ya nyumba zenye namba. Siku ya saba tulikusubiri, kaka, mpaka alasiri. Mlango wa chumba chake uliachwa wazi kwa ajili yako. Haya yote nilidhani unayajua.

Nimesoma barua ya Nafisa nikiwa darasani, nikawaambia wanafunzi wanakili ubaoni mahali ambapo hapakuwa na kitu. Wakanitazama. Nimekuwa nikimhukumu mtu kwa maneno ambayo kwake yalikuwa na maana nyingine kabisa, mimi niliyesomea maneno. Nisamehe, kaka. Nisamehe pia kwa kuwa sijui kama hasira yangu imekwisha. Inazunguka ndani ikitafuta mtu wa kumkalia.

Diski ile ilikuwa ya kutolewa. Nafisa hakukosea.

Mwisho wa wimbo wa mwisho siujui. Nilikuwepo akiuimba, lakini nilikuwa nikitazama vile vijimstari vya kijani vinavyopanda na kushuka, nikiogopa diski isije ikajaa. Nitawaita wali wake wa zamani, kabla hawajatawanywa, waje wasikilize kwangu. Labda kipande hicho alikwenda nacho mmoja wao. Nikajikuta nafikiri, kumbe hivi ndivyo ilivyokuwa kabla ya komputadori.

Dona Amélia nimemjibu. Nimemwambia hapana, na kwamba si kwa sababu simwamini, bali ruhusa hiyo sikupewa mimi niigawe. Akasema, "Nitaandika kwamba zipo, na kwamba ziko kwa wenyewe." Sijui kama nimefanya vyema. Nyumba zikibomolewa na diski zikiharibika, nitamkumbuka. Lakini ndivyo nilivyojibu.

Sasa lile uliloniuliza, wifi. Nimelizungusha sana. Bibi alikataza nyimbo. Maneno yake ya kuulizia dirisha na kunigombeza si unyago, ni Bibi tu. Ila mnajua alivyokuwa. Anazungumza nawe, na kabla hujamaliza kujibu ameshaingia kwenye wimbo, hapana mpaka. Kwa hiyo awepo Nafisa, mkono wake uwe tayari. Faili ya kwanza. Maneno tu.

Nakala moja ikae kwa Nafisa, kwenye sanduku lake, chini ya ufunguo wake. Nyingine mniletee.

Sumaia


Mtwara, 11 Aprili 2013

Sumaia, mdogo wangu,

Mzigo huu anauleta Nafisa mwenyewe. Sitaki tena mpita njia. Diski niliyokutumia mwanzo, ile kubwa, sasa ndiyo ya kwanza, na ndiyo utakayoitumia kila siku. Zile nyimbo ziko kwenye diski ya pili, peke yake. Kipini cha ile kubwa kirudishe kilipokuwa mwanzo; cha hii ya pili nimekwisha kukipanga, wewe chomeka tu. Usiiunganishe ile ya pili ila mnapotaka kusikiliza, kisha uichomoe. Diski inayopumzika huishi. Ya zamani imekufa mikononi mwangu. Nimeifunga katika kanga ileile, Nafisa atakupa. Hatukujua itupwe wapi.

Barua yangu ile ya kibiriti ichome.

Jana mchana Nafisa aliwafukuza watoto, akaniita ndani. Akaniweka kwenye kiti, akanivisha visikizi, yeye akavaa vingine. Akaweka kidole juu ya kitufe, akaniambia, "Ukinishika mkono nazima." Nikaweka mikono magotini kama mtoto wa madrasa.

Kwanza palikuwa na mvumo wa mashine. Kisha mkeka ulikwaruza. Kisha akasema, karibu sana, kama aliye begani kwangu, "Sumaia, hii imewaka? Mbona hainijibu?"

Ukamjibu, "Haijibu, Bibi. Inasikiliza tu."

"Inasikiliza bila kujibu? Basi imelelewa kuliko nyinyi. Funga dirisha."

Nikasikia unasimama, ukafunga dirisha. Yeye akacheka kidogo, peke yake, ukiwa bado hujarudi. Kicheko hicho wewe hukukisikia siku ile, ulikuwa umempa mgongo.

Kisha akavuta pumzi. Ndefu, kwa pua, ile ya mtu anayejua anakokwenda.

Hapo Nafisa akazima.

Kaka yako,
Chamsudine